Uwera, Kabla Hujaingia Utawani

Uwera mwanangu,

Begi lako liko hapa karibu na mlango. Nimelifunga, nimelifungua, nimelifunga tena, na sasa nimeamua kuliacha. Sitakuandikia habari za sweta wala sabuni wala namna ya kukaa na watu. Masista wana kanuni zao za mambo hayo, watakufundisha mpaka uchoke. Ninataka kujibu swali lako la Jumapili. Tulikuwa tunachagua maharage, ukaniuliza bila kuinua kichwa: "Mama, umekubali niende, ao umechoka tu kubishana na mimi?" Nilijifanya sikusikia. Niliinuka nikaenda jikoni kuangalia maji, na wewe ulijua kama mimi kwamba moto haukuwa umewashwa.

Sasa umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nami nimepata jioni hii. Jibu langu ni refu, na nikijaribu kulisema kwa mdomo nitalia ao nitapiga kelele. Afadhali uende nalo. Utalisoma ukiwa ndani ya boti ya Bukavu, mahali ambapo hutaweza kunijibu.

Siwezi kukujibu bila kumtaja Mama Mudogo wako, Devota. Wewe ulimjua vizuri akiwa tayari ameumizwa. Mimi nilimjua tukiwa watoto kule Masisi, tukichunga ng'ombe wa baba yetu kwenye majani yaliyolowa hadi magotini. Alikuwa mbishi. Akitumwa kuchota maji lazima aulize kwa nini yeye na si mwingine, halafu anakwenda, na akirudi anamletea maji na yule kikongwe wa nyumba ya chini ambaye hakuna aliyemtuma kwake. Aliposema anataka kuingia kwa masista, nyumbani hakuna aliyeshangaa. Baba alichinja dume. Mama alilia kidogo, kisha akaanza kuimba kwa Kinyarwanda, na akina mama wa kilima chote wakaitikia.

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaolewa hapa Goma, ninauza maharage na chumvi pale Birere. Siku Devota alipoweka nadhiri nilikaa mstari wa mbele nimevaa kikwembe kipya. Tangu siku hiyo jina langu likabadilika. Unajua huku kwetu kila sista anaitwa Maseri, basi mimi nikawa "dada ya Maseri". Wauzaji wenzangu waliniachia mizigo yao bila kuhesabu. Wenye kugombana walikuja kwangu niwaamue. Nililipenda jina lile, Uwera. Nililivaa kama nguo.

Na ndani yangu nilikuwa na wazo ambalo sikuwahi kumwambia mtu. Niliona Mungu amechukua mmoja wetu, kwa hiyo sisi wengine hatatugusa. Sikuwa ninaomba sana. Niliona tumeshatoa. Baba yako alipokufa kwenye ajali ya lori, wewe ukiwa bado unanyonya, sikumlilia Mungu kama mjane anavyomlilia. Nilimkasirikia kama mtu aliyenidanganya sokoni. Nilimwambia: tulikubaliana nini mimi na wewe? Ilinichukua miaka kuona kwamba hatukuwa tumekubaliana kitu chochote. Nilikuwa nimeandika mapatano peke yangu na kuyatia sahihi pande zote mbili.

Masista walimpeleka Devota kwenye santre ya afya kule juu Masisi, si mbali na tulikozaliwa, awe anazalisha. Alikaa huko miaka mizuri. Akishuka mjini alikuwa ananuka dawa na moshi, anacheka, anakula kama mkulima. Wewe ulikuwa unamwita Mama Mudogo wa mlimani.

Halafu vita vikapanda huko. Kila siku Birere ilijaa watu waliobeba magodoro, na kila mmoja alileta habari mbaya kuliko mwenzake. Nilikuacha kwa jirani nikaenda kumchukua. Nilipanda pikipiki mpaka Sake, na toka Sake nikapata lori lililokuwa linapanda tupu kufuata viazi vya mwisho. Dereva aliniambia hatazima hata injini kule juu.

Nilimkuta ndani ya maternite, chumba cha wazazi, mikono ya nguo imekunjwa, anafua vitambaa.

"Devota, funga vitu vyako. Lori linarudi sasa hivi."

"Umekula?"

"Sikukuja kula! Batu bote bamekimbia. Hata padri ameshuka."

"Ninajua. Nilimuambia ashuke."

"Na masista wenzako?"

"Wameshuka na wagonjwa wanaoweza kutembea. Mimi nimebaki na bale hawawezi."

Alisogeza pazia. Kulikuwa na wanawake kwenye mikeka, wengine na watoto wachanga kifuani. Mmoja, msichana mdogo kuliko ulivyo wewe leo, alikuwa mweupe midomoni. Alikuwa amejifungua siku iliyotangulia na damu haikuwa imekatika.

"Huyu akipanda lori na ile barabara, hatafika Sake," Devota aliniambia kwa sauti ya chini. "Nimuambie nini, dada? Nimuambie kwamba dada yangu amekuja kunichukua?"

Nikatafuta neno la kumuumiza. Nilimwambia: "Basi kaa na bale. Lakini mama yetu akikufa kwa uchungu, usikuje kwenye matanga."

Alinisindikiza mpaka kwenye lori, akanitia avokado mkononi. "Ya mutoto," alisema. Aligonga ubavu wa lori kama wanaume wanavyofanya, na dereva akaondoka. Nilikasirika njia nzima. Nilifika nyumbani, nikakupa avokado, ukala, ukaomba nyingine.

Baada ya hapo hakukuwa na habari. Watu wa vilima vile walianza kufika kambini Kanyaruchinya, nami nikawa ninaacha meza yangu na kupanda huko kuuliza, hema kwa hema. Watu walikuwa wamejenga vibanda vya majani na turubai juu ya mawe makali, na moshi ulikuwa unakaa chini kama ukungu. Niliuliza: hamkuona Maseri? Wengine walisema amekufa. Wengine walisema amechukuliwa. Siku niliyompata nilimpita mara mbili. Alikuwa amekaa chini kati ya wanawake, amefungwa kikwembe ambacho hakikuwa chake, miguu mitupu imepasuka, amepakata mtoto wa mtu. Aliniona tangu mbali na hakuita. Nilipompita mara ya pili ndipo aliposema: "Dada. Ni mimi."

Aliyotendewa sitayaandika. Aliniambia mara moja, na wewe ulipokuwa mkubwa alikuambia mwenyewe, kwa sababu hakutaka uyasikie kwa watu wa sokoni. Nitaandika jambo moja tu, kwa kuwa linakuhusu. Wale wanawake aliobaki kwa ajili yao hawakuokoka wote. Yule msichana aliyekuwa anatoka damu hakuokoka. Devota alibaki kwa ajili yake, akalipa bei ile, na msichana akafa vilevile.

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka. Mapadri wawili wamenipa maelezo, na yote mawili yalikuwa mazuri. Nilipofika nyumbani hayakuwa yamenibakia.

Masista wenzake walimpokea kwa machozi. Nataka ulijue hilo, kwa sababu watu walisema walimfukuza, na ni uongo. Walimtibu, walimkalia usiku na mchana, walimpa muda wote. Lakini kengele ya sala ilipolia, alitapika. Akiingia kanisani magoti yalikataa kupiga chini. Mwisho aliomba ruhusa ya kutoka, wakampa, Mama Mkuu akamkumbatia mlangoni mpaka watu wakageuza nyuso. Akaja kwangu na nguo alizovaa na mfuko mmoja wa plastiki.

Hapo ndipo penye makosa yangu, na mengi uliyaona ukiwa mtoto, ingawa hukujua unaona nini.

Nilimpa chumba cha nyuma. Nilisema ni kwa ajili ya utulivu. Ukweli ni kwamba wateja wangu walikuwa wanapita mbele. Wakiuliza Maseri yuko wapi, nilisema ni mgonjwa, yuko kwenye mapumziko, atarudi kwa masista mvua zikiisha. Mvua ziliisha, zikaja nyingine. Halafu nikaleta kikundi cha maombi, kwa sababu nilitaka apone haraka, na apone mbele ya watu. Walimzunguka, wakamwekea mikono kichwani, wakamwamuru pepo atoke. Devota alikaa macho wazi mpaka walipochoka. Walipoondoka aliniambia jambo moja, taratibu kabisa: "Dada, usilete tena wanaume wa kunishika kichwa."

Nilikuwa nimejua yote aliyotendewa, na bado sikuwa nimeliona hilo mpaka aliponiambia.

Unadhani nilijifunza? Miezi baadaye nilimkuta anamenya viazi, nikamwambia arudi utawani, hata kama ni kukaa tu, hata kama ni kupika. Nilisema: "Watu wanasema."

"Wanasema nini?"

Nilipaswa kunyamaza hapo. Sikunyamaza. Nilimweleza kila neno, na nani alilisema, na alilisema akiwa amesimama wapi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisu mkononi. Kisha akasema: "Asante kwa kuniambia," akaendelea kumenya. Tangu siku ile hakufika tena mbele ya nyumba kulipokuwa na watu.

Wewe ndiye uliyekuwa unakwenda nyuma. Ulimpelekea chakula, ukakaa. Alikufundisha Kifaransa cha shule, na kukunja vitambaa, na kupima mapigo ya moyo kwa vidole viwili. Siku moja nilikuwa nje ya dirisha lake ninaanika nguo nikakusikia unamuuliza, kwa sauti yako ya wakati ule: "Mama Mudogo, juu ya nini hauendi misa?"

Nilitaka kuingia nikupige. Lakini alicheka, nami sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi. Alisema: "Nimemukasirikia sana, mama. Hatusemeshani."

"Mungu?"

"Ehe."

"Sasa hautarudi kwake?"

"Sijaenda kwa mungine," alisema.

Nilibaki nje na nguo mbichi mikononi. Mimi nilikuwa ninakwenda misa kila Jumapili, ninaimba, ninatoa sadaka, na moyoni nilikuwa nimeshaachana na Mungu tangu siku ya lori la baba yako. Mdogo wangu hakuweza hata kupiga ishara ya msalaba, na alikuwa bado ni wake. Sikumwambia kwamba nilimsikia. Nilipaswa kumwambia.

Ile wiki ambayo vita viliingia mjini unaikumbuka kuliko mimi, sitaisimulia yote. Mabomu yaliangukia upande wa Munigi kwanza, na watu wa Kanyaruchinya wakamiminika mjini wakibeba kwa mara nyingine vile walivyokuwa wamebeba. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Tulikuwa tumelala chini, sisi watatu, magodoro yameegemezwa ukutani, ndipo tukasikia mwanamke anapiga kelele kwenye mlango wa uani. Wewe ulisema ni mtu aliyepigwa risasi. Devota alisikiliza tu, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Hapana," alisema. "Huyu anazaa."

Nilimshika nguo. Nilimwambia usifungue, hujui nani yuko nje. Aliniondoa mkono, kidole kimoja kimoja, bila hasira. Na sauti aliyotumia baada ya hapo nilikuwa sijaisikia tangu ile siku ya lori la viazi: "Uwera, shika taa. Dada, chemsha maji, yote yaliyobaki."

Mtoto alitoka salama. Asubuhi walikuja wengine, maana habari zilikuwa zimeenea, na nyumba haikuwatosha, mkahamia sale ya parokia, ule ukumbi wa mikutano, wewe na yeye. Nilikuwa ninawaletea uji. Nilimwona pale ndani, mikono ya nguo imekunjwa, anapita kati ya mikeka, na akina mama wasiomjua kabisa wanamwita Maseri. Hakuwasahihisha. Sidhani hata kama alisikia.

Halafu maji yakaisha, mkaenda ziwani kuchota.

Ninakuandikia jambo hili kwa sababu hatujawahi kulizungumzia, na huwezi kwenda nalo likiwa limefungwa. Nilikuwa mlangoni mwa sale. Nilikuona unapanda barabara peke yako na bidon kubwa ya maji mgongoni, kamba kwenye paji la uso kama wanawake wa mlimani, unatembea polepole ili yasimwagike. Ulinipita bila kunisalimu. Ulimimina maji kwenye sufuria, yote, mpaka tone la mwisho. Ndipo ulipogeuka ukasema: "Mama, njoo tumuchukue Mama Mudogo. Eko chini ya ukuta, nimemufunika uso."

Nilikupiga kofi. Mbele ya wagonjwa wote. Nilikupiga kwa sababu ulileta maji kwanza. Mdogo wangu yuko barabarani na risasi kifuani, na wewe unanipita na maji! Hukushika shavu. Ulisema: "Alisema yafike." Halafu ulitangulia kunionyesha njia.

Siku ile nilikuogopa, Uwera. Nilitembea nyuma yako nikiangalia mgongo wako uliolowa maji, nikajua kwamba nimekupoteza. Uliponiambia miezi baadaye kwamba unataka kuingia kwa masista, nilipiga kelele kana kwamba ni habari mpya, lakini haikuwa mpya.

Tulimzika haraka, kama kila mtu alivyozikwa wiki ile. Masista wawili walipita kwenye njia za hatari wakafika. Padri aliniuliza pembeni: "Tumuite nani?" Nami mwanamke niliyekuwa nimefurahia kuitwa dada ya Maseri, nilishindwa kufungua mdomo. Wewe ulijibu: "Maseri Devota." Padri aliwaangalia masista, wakainamisha macho, na kwenye sala akasema tu "mtumishi wako Devota." Ulikasirika, ukakataa kumpa mkono padri. Ninajua bado umekasirika. Mimi sijui kama alikosea. Alikuwa amechoka sana, alikuwa na makaburi mengine yanamngoja, na alichosema hakikuwa uongo.

Sasa unakumbuka tulivyogombana.

"Wewe ni mutoto wangu mumoja," nilikuambia. "Nyumba hii itafungwa. Sitapakata mujukuu. Na mimi nikikufa, nani atanizika?"

Nilitegemea useme Mungu atanitunza. Nilikuwa nimejiandaa kukutukana kama ungesema hivyo. Macho yako yakajaa, ukasema: "Sijui, Mama." Kwa sababu ya "sijui" ile ndiyo niliacha kukuzuia. Mtu anayekwenda kwa Mungu akijua anamwachia mama yake kitu ambacho hakina jibu, huyo walau haendi akiwa amelewa.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: sijachoka kubishana. Ningeweza kubishana mpaka nife. Nimekubali, na kukubali kwangu kunauma, na sitasema hakuumi ili wewe usafiri vizuri.

Lakini kuna mambo ninayoyaogopa, nitakuambia mama kwa mwana.

Ninaogopa kwamba unakwenda kwa ajili ya Devota. Kwamba unataka kuimalizia kazi yake, ao kumlipia jina ambalo padri hakulitamka. Kama ni hivyo, bado kuna muda. Shuka bandarini urudi, hakuna atakayekucheka, na mimi nitamfunga mdomo atakayejaribu. Marehemu hamhitaji mtu avae nguo yake. Na nguo ile ni nzito, mwanangu, nimeona ilivyomfanya. Ukiivaa kwa ajili ya mtu aliyekufa, kuna siku utaamka uso wake umeanza kukupotea, kama unavyonipotea mimi uso wa baba yako, na utabaki na nguo tu.

Ninaogopa pia kwamba moyoni unafikiri kama nilivyofikiri mimi. Kwamba ukijitoa wewe, mimi nitalindwa. Niliona jinsi ulivyonitazama siku barua ya kukubaliwa ilipofika, kama mtu aliyemletea mwenzake dawa. Usininunulie chochote kwa Mungu. Kama risasi itanikuta barabarani, ao ugonjwa, ao uzee tu ndani ya nyumba hii, usikae kwenye kanisa lenu huko ukimwuliza kosa lako ni lipi. Nilipoteza miaka yangu kwa swali hilo. Usilichukue kwangu kama urithi.

Na utakapofika wakati ambapo husikii kitu, kwa maana utafika, usijifanye unasikia. Mimi nilijifanya. Niliimba kwa sauti kuliko wote. Mwambie Mama Mkuu ukweli. Ukishindwa kupiga magoti, kaa. Ukishindwa kukaa, nenda jikoni ukamenye viazi. Nimemwona mtu akiishi hivyo miaka mingi nyuma ya nyumba yangu, na taa ilipohitajika alikuwa tayari kuliko sisi tuliokuwa tunasali.

Na kama siku moja utarudi, rudi kwa mlango wa mbele, mchana, watu wakiona. Hutalala chumba cha nyuma. Sitasema ni mgonjwa. Wakiniuliza nitasema binti yangu amerudi nyumbani, nitakuwekea kiti pale mezani Birere karibu yangu, na atakayetaka kusema atasema tukiwa wote wawili tunamwangalia. Sikumfanyia hivyo mdogo wangu. Nilikuwa na nafasi kila asubuhi kwa miaka yote ile, na kila asubuhi niliona haya.

Ninasikia sauti zenu huko barabarani, mnaimba mkirudi, kwa hiyo ninamalizia.

Tangu ulipoandika maombi yako nilikuwa ninaomba kitu kimoja tu: wakukatae. Niliomba waone una kifua kibaya, ao diplome yako haitoshi, ao wewe ni mtoto wa pekee. Niliomba hivyo hata jana. Hakunisikiliza, na leo sikuwa na nguvu za kurudia.

Basi jioni hii, kabla sijaanza kukuandikia, nilikaa tu kwenye kitanda chako. Nikakumbuka siku niliyoolewa mimi, jinsi mama yangu alivyomwita mama mkwe wangu pembeni na kumwambia tabia zangu, ili wasije wakanionea kwa kutojua. Nikaona nifanye hivyohivyo. Nilimwambia Mungu kwamba haupendi kuamshwa kwa kelele. Kwamba ukiwa na njaa unakuwa mkali na si kwamba una roho mbaya. Kwamba baridi ya Bukavu itakukamata kifuani mvua za kwanza, na utasema ni mafua tu. Nilimwambia: na huyu akilia, halii kwa sauti. Anageukia ukuta kama mtu aliyelala. Usipomsogelea karibu kabisa, hutajua.

Mama yako